Bundi mdogo wa Sokoke na mwenzake wa Usambara ni ndege mmoja, lakini kinga yao je?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Gede anaetembeza wageni ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Ameandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Mgeni aliniuliza, huyu bundi mdogo wa Sokoke akizidi kupungua hapa kwetu si mlete wengine kutoka Usambara kule Tanzania muwaachie hapa, kwani si ni ndege mmoja? Nikamwambia ntauliza. Halafu mwenzangu akadakia eti ndege wa kila mahali wana jeni zao za kinga, ukimtoa kwao ukampeleka kwengine anakufa. Ni kweli hayo? Na hao wataalamu wanajuaje, manake bundi hasemi aumwa na nini."

Marahaba dadangu. Swali la mgeni wako ni zuri mno na usijione mnyonge kwa kukosa jibu palepale, watu wenye maabara zao wamebishana nalo miaka na miaka. Ntarefusha kidogo, univumilie, manake hapa kuna mambo ambayo mtu akishayajua hatamwangalia tena ndege kwa jicho lilelile.

Mwenzako amesema kweli ila amezidisha chumvi. Ndege wa aina moja wakikaa mahali mbalimbali muda mrefu, jeni zao za kinga huanza kushika njia tofauti, na mara nyingi ni magonjwa ya pale pale yanayoamua nani abaki azae na nani aondoke. Hilo ni kweli na limeonekana. Lakini si kila tofauti inayopatikana ni ya faida, nyingine ni bahati tu, kundi lilipungua zikabaki jeni zilizobaki basi, na ukimhamisha ndege si lazima afe. Mi ninachokiamini, na ndicho nitakachokuonyesha hapa, ni kwamba ndege wachache waliobaki mahali pao wanaweza kuwa na kitu ambacho huwezi kukileta kwa gari kutoka kwengine, kwa hiyo kuwaacha wapungue kwa kutegemea wa akiba walioko Usambara ni hatari sana.

Sasa tuanze na hiyo kinga yenyewe. Jeni zinazohusika na magonjwa ni nyingi lakini wanaopima ndege wa porini hupenda familia mbili. Ya kwanza yaitwa MHC. Seli ya ndege, sawa na yako wewe, saa zote yavunjavunja protini zilizo ndani yake, na vile vipande vidogo huvipandisha nje juu ya ngozi ya seli vikiwa vimeshikwa na molekuli ya MHC, kama muuza samaki anavoweka vipande kwenye sinia apitae aone. Wapitao ni seli za kinga ziitwazo seli T. Zikiona kipande cha mwili wenyewe zaenda zao, zikiona kipande cha kirusi au cha kimelea cha malaria hapo moto wawaka. Basi lile sinia lina vishimo vya umbo maalum, kipande kisichoingia kwenye vishimo hakikai, na kisichokaa hakionekani, ugonjwa wapita hivi hivi na seli T ziko palepale. Kila aleli, yani kila toleo la jeni hiyo, hutengeneza sinia la umbo lake. Ndo maana aleli moja yaweza kumwokoa ndege na ugonjwa fulani na isimsaidie chochote kwa ugonjwa mwengine, na hapa tayari waona kwamba hakuna aleli ya kuitwa bora kabisa, ubora wake wategemea uko wapi na huko kuna nini.

Familia ya pili ni vipokezi viitwavyo TLR, na ndege wana 10. Hivi havisubiri kipande, vyatambua alama za jumla za wadudu wa magonjwa, mfano TLR4 hushika kitu kilichoko kwenye ganda la bakteria wengi, TLR5 hushika protini ya ule mkia wanaoogelea nao, TLR3 hushika RNA (ndugu yake DNA) ya nyuzi mbili ambayo ni alama ya virusi. TLR hazina matoleo mengi kama MHC lakini kuzisoma ni rahisi zaidi, jeni moja ni moja, wakati ndege wadogo waimbao wana nakala nyingi sana za MHC zilizojirudia na kufanana, ukisoma DNA yao wapata rundo la matoleo na wala hujui lipi limetoka nakala gani. Kuku ni kinyume chake. Mwaka 1999 ilitangazwa ramani ya sehemu kuu ya MHC ya kuku ikakutwa na jeni 19 tu, fupi imebana, na kwa sababu ni fupi hivo aleli moja yaweza kuamua uhai na kifo, wafugaji wajua kwamba kuku wenye aina iitwayo B21 husimama vizuri zaidi mbele ya ugonjwa wa Marek, ule wa virusi unaopoozesha kuku.

Na madhali nimetaja kuku, watafiti walishachukua damu ya kuku wa kienyeji 96 kutoka sehemu 8 za Kenya, Lamu ikiwemo, pamoja na Taita-Taveta, Turkana, Kakamega na kwengineko, wakapima alama zilizo jirani na MHC na nyingine zisizohusiana nayo, wakakuta kuku wetu wana utofauti mwingi wa kijenetiki na si wote wa kundi moja. Wale kuchi wa Lamu, warefu wenye shingo zao, si kuku tu. Ila nakuomba sana usikimbilie kusema kwa hiyo kuku wa Lamu amezoea magonjwa ya Lamu, kutofautiana ni jambo moja na kuzoea mahali ni jambo jengine, na hapo ndo wengi wanapoteleza. (Na wewe msomaji mwenye kuku, kienyeji au si kienyeji, kideri chaua wote, chanja.)

Haya, ushahidi uko wapi kwamba mahali huchagua jeni? Mfano unaonigusa zaidi ni wa Hawaii. Visiwa vile zamani havikuwa na mbu kabisa. Mwaka 1826 mbu wa usiku, yuleyule Culex anaetusumbua sisi huku Pwani, akaingia na meli, na baadae ikaingia malaria ya ndege, kimelea chaitwa Plasmodium relictum. Hiyo si malaria ya watu, usiogope, haituambukizi. Lakini ndege wa pale walikuwa hawajawahi kuiona tangu dunia iumbwe, wakafa kwa wingi wa kutisha. Kuna mmoja mwekundu mwenye mdomo uliopinda aitwa iiwi, huyo kwenye majaribio kuumwa na mbu mmoja tu mwenye vimelea kuliua karibu asilimia 90 ya waliojaribiwa. Ndege wakatoweka nyanda za chini wakabaki juu milimani ambako baridi huzuia, manake kimelea kikiwa ndani ya mbu hakikui joto likishuka chini ya nyuzi 13 hivi.

Sasa kuna ndege mwengine wa huko, mdogo wa rangi ya kijani na manjano, aitwa amakihi. Nae alipungua sana chini, watu wakaona amekwisha. Halafu miaka ikapita, akaanza kuonekana tena kule kule chini kwenye mbu, na si mmoja wawili, wengi, na ukiwapima damu wengi wao wana malaria, wanayo na wanaishi na wanazaa. Swali likawa, hawa wametoka wapi? Kila mtu angedhani wameshuka kutoka mlimani walikokuwa wengi. Watafiti wakachukua DNA ya ndege wa chini na wa juu kati ya 2001 na 2003, wakaongeza na vipande vya ngozi za amakihi waliohifadhiwa makumbusho tangu 1898 na 1948 hadi 1949, wakalinganisha. Wakakuta ndege wa chini si watoto wa wale wa juu. Wana matoleo yao wenyewe ambayo hata wale wa zamani wa chini walikuwa nayo. Yani kulibaki vijikundi vidogo vidogo huko chini, hakuna aliyevijali, vikapitishwa kwenye tanuri la ugonjwa, waliobaki ndo waliojua kuishi nao, na uzao wao ukasambaa kutoka hapo. Na ndugu zao wa juu mpaka leo malaria ikiwapata yawaumiza zaidi. Ndege wa aina moja, kisiwa kimoja, kilomita chache tu kati yao.

Hebu fikiria kama wakati ule mtu mwenye nia njema angesema hawa wa chini wamekwisha, tulete wa juu wengi tuwamwage hapa. Angewaleta wasiojua malaria kwenye malaria, na kama wangeishi kidogo wakachanganyika na wale wachache, huenda angezizamisha zile jeni zilizokuwa zimelipiwa kwa vifo vya maelfu. Ndo maana nasema mgeni wako ameuliza swali la maana.

Mfano wa pili ni wa haraka zaidi na una jaribio lenyewe. Kule Marekani kuna chiriku mmoja mwenye kifua chekundu anaekaa karibu na nyumba za watu. Majira ya baridi ya 1993 kuamkia 1994 walianza kuonekana upande wa mashariki wenye macho yaliyovimba na kutoa usaha, bakteria aitwa Mycoplasma gallisepticum, yuleyule wa mafua sugu ya kuku, amehamia kwao. Ndege haoni, hapati chakula, paka anamkamata. Ugonjwa ukasambaa ukapita Alabama lakini Arizona ulikuwa haujafika. Baadae watafiti wakachukua ndege wa Alabama waliokamatwa 2007, baada ya miaka kama 12 ya kuishi na ugonjwa, na wa Arizona wasioujua, wakawaweka kwenye hali moja na kuwaambukiza bakteria mmoja. Wa Alabama waliwabana bakteria vizuri zaidi na jeni zao za kinga ziliitika kwa namna tofauti ndani ya bandama. Miaka 12 tu! Watu hudhani mabadiliko ya viumbe ni mambo ya mamilioni ya miaka, kumbe ugonjwa mkali waweza kuyafanya ndani ya muda ambao mtoto anaanza na kumaliza shule ya msingi na sekondari.

Lile jaribio la Alabama ndo mizani ya haki ya jambo hili. Ukitaka kusema ndege wa mahali fulani wamezoea magonjwa ya pale, inabidi wa hapa na wa kule wakutane na ugonjwa mmoja kwenye hali moja uone nani anaesimama. Kwa ndege adimu kama bundi wetu jaribio hilo ni haramu tupu, humuambukizi ndege aliyebaki kidogo, kwa hiyo watu hutumia njia ya pembeni. Wanasoma sehemu mbili za DNA, jeni za kinga upande mmoja na upande wa pili alama za kawaida ambazo hazina kazi ya kinga, kisha wanauliza, makundi mawili haya yametofautiana kiasi gani kwenye kila upande? Kama tofauti ya jeni za kinga imezidi mno ile ya alama za kawaida, kuna kitu cha mahali kinachovuta. Kama ya kinga ni ndogo kuliko ya kawaida, basi kuna kitu kinachohifadhi aleli zilezile pote, mara nyingi ni faida ya kuwa na masinia ya kila namna. Kama ziko sawa, hapo ni bahati tu na utengano, usitunge hadithi.

Shomoro wa Ufaransa walipimwa hivo, wakakutwa MHC imetofautiana kati ya makundi kuliko alama za kawaida. Na utafiti mwengine wa shomoro haohao, wa 2006, ulionyesha kitu ambacho mi hukirudia kila nikipata nafasi, kwamba aleli iliyoambatana na kusimama mbele ya malaria kwenye kundi moja sio ileile iliyofanya kazi hiyo kwenye kundi jengine. Ndege mmoja, ugonjwa wa jina moja, majibu mawili. Kwa hiyo hata mtu akija na kipimo cha aleli nzuri kutoka kwengine usikibebe kikakaa Arabuko bila kukihoji.

Umeuliza pia wanajuaje, bundi hasemi. Kazi huanza na wavu mwembamba sana ambao ndege hauoni, watandazwa alfajiri au kwa bundi ni usiku, na hauachwi peke yake, waenda kuangaliwa kila mara ndege asije kuumia. Ukimtoa wamshika kichwa chake kikiwa kati ya vidole viwili, wampulizia manyoya ya chini ya bawa yafunguke, pale kwenye kiwiko waona mshipa wa bluu unapita juu ya mfupa. Wapangusa na pamba, wachoma kidogo kwa sindano nyembamba, latoka tone moja lang'aa kama ushanga, mrija wa kioo walinyonya lenyewe, pamba tena, wabana, damu yakata, ndege anarudi zake. Bundi wa Sokoke ana gramu kama 50 tu, kwa hiyo huruhusiwi kuchukua nyingi, na huhitaji nyingi. Hapa ndege wametupiga bao sisi, chembe nyekundu za damu zetu hazina kiini wala DNA ndani yake, za ndege zote zina kiini, tone moja la ndege lina DNA tele. Nusu ya tone yaingia kwenye kichupa cha spiriti kwa ajili ya jeni, nyingine yapakwa kwenye kioo ikatiwa rangi uangalie kwa darubini. Ukimpata mwenye malaria waona ile chembe ndefu ya damu, kiini katikati, na kando ya kiini kimejibanza kitu cha zambarau chenye punje za kahawia. Kitu kile ndo kimelea, na punje zile ndo mabaki ya damu kiliyoila.

Lakini kuna mtego mkubwa hapa na nataka uujue. Ndege uliyemkamata ni aliyepona, au aliyekuwa hajaugua. Waliokufa hukuwakamata. Huko Sweden, ziwa Kvismaren, kuna ndege wa matete, yule mkubwa, ambao kila mwaka huja Afrika kusini ya Sahara kupisha baridi, wanapata vimelea huku wanarudi navyo. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba ndege wenye aleli fulani ya MHC walikutwa na kimelea fulani zaidi kuliko wasio nayo. Ukisoma haraka wasema aleli mbaya hiyo, yaleta malaria. Angalia tena. Inawezekana wasio na aleli hiyo walipougua walikufa huku Afrika, hawakurudi Sweden kuhesabiwa, na wenye nayo ndo walioweza kuubeba ugonjwa mpaka nyumbani. Kwa hiyo ndege mwenye vimelea kwenye damu yake na anaimba na kulisha watoto si ushahidi wa udhaifu, mara nyingine ni ushahidi wa nguvu.

Sasa nije upande wa pili ili nisimdhulumu mgeni wako. Kuhamisha ndege kumeokoa ndege. Tazama majirani zetu wa Shelisheli. Kuna ndege mdogo wa kahawia huko ambae miaka ya 1960 alibaki kisiwa kimoja tu, Cousin, kisiwa cha hekta 29, na idadi yake haikufika 30. Kisiwa kikalindwa, mimea ya asili ikarudi, ndege wakajaa, halafu wakahamishwa kwenda Aride mwaka 1988, Cousine 1990, Denis 2004 na Frégate 2011. Leo wako visiwa vyote hivo. Jeni zao za kinga ni chache, kupita kwenye tundu la sindano vile kulizifuta nyingi, na hata hivo wanaishi, ingawa pia imeonekana kwamba wenye aleli fulani ya MHC na wenye toleo fulani la TLR3 huishi zaidi ya wenzao. Kwa hiyo umaskini wa jeni si hukumu ya kifo kesho asubuhi, ila kidogo kilichobaki kina thamani kubwa.

Na kwa sababu wale ndege wamefuatiliwa kwa makini sana, kulionekana jambo jengine ambalo hakuna aliyelipanga. Watu walipima sampuli za damu 3,888 za miaka 22. Pale Cousin kulikuwa na kimelea kimoja tu cha damu, na asilimia 52 ya ndege walikuwa nacho. Kule Cousine kiliendelea, asilimia 41. Lakini Denis, ingawa baadhi ya ndege waliopelekwa walikuwa nacho kabisa, baada ya miaka miwili hakikuonekana tena, na Frégate kikawa chaelekea kwisha, hakuna hata mtoto mmoja aliyeanguliwa Denis, Frégate wala Aride aliyekutwa nacho. Visiwa vya nchi moja, ndege mmoja, na bado kila kisiwa kimekuwa na ugonjwa wake au kimekosa. Wengine wataona ni habari njema, mi naona ina pande mbili. Ndege anaezaliwa vizazi na vizazi bila kimelea kile hachujwi nacho tena, na siku akirudishwa kwenye kisiwa chenye nacho, au chenyewe kikarudi na wadudu wanaouma, atakutana na mgeni.

Mfano wa Illinois kule Marekani nao ni lazima niutaje. Kwale wa mbugani wa huko walipungua wakawa chini ya 50 kufikia 1993, mayai yakawa hayaanguliwi vizuri kwa kuoana ndugu kwa ndugu. Wakaletwa ndege 271 kutoka Minnesota, Kansas na Nebraska kati ya 1992 na 1998, na mayai yakaanza kuanguliwa tena. Hapo kuhamisha ilikuwa dawa, na mtu aliyengangania usafi wa jeni za mahali angekaa anaangalia kundi linakwisha. Mi siwezi kupinga hilo. Hali ikifika huko, damu mpya ni bora kuliko kaburi.

Kwa hiyo kwa bundi wetu. Yeye hapa kwetu ni wa Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba kama 420, na ndani ya msitu wenyewe anapenda ile sehemu ya udongo mwekundu yenye vichaka vilivyobanana kuliko kule kwenye miti ya mirihi. Wenzake wa Tanzania wako misitu ya miguuni mwa Usambara Mashariki, karibu kilomita 200 kutoka hapa, na katikati kuna mashamba, miji na barabara, na bundi huyu si wa kusafiri. Huko mvua ni nyingi kuliko huku, unyevu tofauti, na pakiwa na unyevu tofauti mbu na vijinzi vinavyobeba vimelea vya damu navyo ni tofauti kwa wingi na kwa majira. Hizo ndo hali hasa zinazoweza kuzipeleka jeni za kinga njia mbili. Lakini utengano wenyewe pia watosha kuzitenga kwa bahati tupu, na ndo maana kabla ya kumbeba hata bundi mmoja kwanza kunatakiwa damu ya pande zote mbili, jeni za kinga na za kawaida zilinganishwe, na vimelea vya pande zote mbili vijulikane kwa majina. Halafu ndege anaesafirishwa akae karantini, manake hatari kubwa zaidi mara nyingine si kwamba yeye atakufa na magonjwa yetu, ni kwamba ataleta yake yawakute waliopo hawana sinia la kuyashika. Hili ntalisema kwa nguvu kwa sababu watu hulisahau, wanamfikiria ndege anaehama na kumsahau kimelea anaehama ndani yake.

Na msitu wenyewe ukiendelea kukatwa hata tungekuwa na jeni zote za dunia hazina pa kukaa. Kundi likibanwa likawa dogo, bahati huanza kutupa aleli nje ovyo, nzuri na mbaya, na ule mchujo wa magonjwa hupoteza nguvu zake. Aleli adimu ndizo zinazotoka mwanzo, na aleli adimu mara nyingi ndizo zenye faida kesho, kwa kuwa vimelea navyo vyabadilika vikijifunza kukwepa masinia yaliyo ya kawaida. Kila ekari ya ule udongo mwekundu inayobaki na miti ni kazi ya kinga pia, japo hakuna anaeiita hivo.

Basi mgeni akirudi mwambie hivi: ni ndege mmoja kwa jina, kuwaleta kutoka Usambara kunawezekana, ni njia ya mwisho na yahitaji vipimo kwanza, na walioko hapa hawana mbadala mpaka ithibitishwe kwamba wanao. Akikuuliza ushahidi mpe hadithi ya amakihi, wageni huipenda.

Na wewe mwenyewe una kazi, kwa sababu nyinyi mnaoingia msituni kila siku ndo wa kwanza kuona. Ukimkuta ndege amekaa mchana wazi, manyoya yamevimba, jicho moja limefumba, au ana vivimbe kwenye miguu na pembeni ya mdomo, vile vivimbe huenda ikawa ndui ya ndege, piga picha, andika mahali na tarehe, umpe ripoti afisa wa KWS (shirika la wanyamapori) au wa misitu. Ndege aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu, na ukitoka hapo usiende moja kwa moja kwenye banda la kuku wako bila kunawa na kubadilisha viatu. Unyoya ulioanguka una DNA kwenye ile ncha yake na watafiti wenye kibali waweza kuutumia, lakini sheria ya wanyamapori ya 2013 inauhesabu hata unyoya kuwa nyara, kwa hiyo usiuweke mfukoni wala usimpe mgeni awe kumbukumbu, mwonyeshe tu ulipo mwenye kibali chake.